Shajara ya mradi: nyimbo za Kiingereza za kulazia watoto

Oktoba, mwanzoni

Tumeanza. Mradi wenyewe si mkubwa: kijitabu cha nyimbo za Kiingereza za kubembeleza watoto, pamoja na sauti zake, kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Leicester, Uingereza. Kikundi chetu cha Jumamosi kina Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Kivu na wa Lubumbashi, na Wabarawa kidogo. Walioleta hoja hii ni kina mama wenyewe. Maktaba za hapa huwa na kipindi cha nyimbo kwa watoto wachanga: watu wanakaa chini kwenye zulia, mtoto mapajani, nyimbo zinaimbwa moja baada ya nyingine bila karatasi. Wenyeji wanazijua tangu utotoni. Mama aliyekulia Tanga au Goma anabaki kupiga makofi na kutabasamu. Mmoja akaniambia, "Dada, mwanangu ananitazama mdomo. Anaona mama za wenzake wanaimba, mimi nafumba na kufumbua kama samaki."

Nyimbo za mchana za kurukaruka tumeziacha kwanza. Tunaanza na za usiku, kwa sababu usiku mama yuko peke yake na mtoto wake, hakuna wa kumcheka matamshi.

Kigezo cha kuchagua kimetuchukulia muda kuliko nilivyodhani. Wengine walitaka nyimbo maarufu, wengine zenye mafunzo. Mwishowe tumekubaliana na kimoja tu: wimbo uimbike gizani. Yaani taa imezimwa, simu iko chumba kingine, mzazi ametoka zamu ya ghala au ya kulea wazee, na kichwa hakifanyi kazi. Wimbo mrefu usiokaririka haufai. Wimbo unaopanda juu hata koo likauma haufai. Na mtu akisahau mstari aweze kuendelea mbele bila mtoto kugundua.

Kizuizi kingine ni hakimiliki. Uingereza inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa. Kwa hiyo *You Are My Sunshine*, ambao kila mtu aliutaja wa kwanza, umetoka hapohapo: Jimmie Davis, ambaye jina lake limo kwenye hati za wimbo huo, alifariki mwaka 2000. Kuuimba chumbani hakuna wa kukuuliza. Kuuchapa na kuurekodi ni habari nyingine. Na hata kwa nyimbo za kale hatuwezi kuchukua sauti za watu mtandaoni, kwani rekodi nazo zina wenyewe. Lazima tuimbe sisi.

Oktoba, katikati

Wa kwanza ni *Twinkle, Twinkle, Little Star*. Hapakuwa na ubishi, ila palikuwa na mshangao: karibu kila mtu, hata wenyeji, anajua ubeti mmoja tu. Shairi lenyewe lina beti tano. Liliandikwa na Jane Taylor, dada aliyekuwa na miaka 22 au 23 hivi, likachapishwa London mwaka 1806 katika kitabu alichoandika pamoja na dada yake Ann. Familia yao ilikuwa ikikaa Colchester. Mahadhi si ya Kiingereza hata kidogo. Ni ya Kifaransa, yalishachapishwa mwaka 1761, na Mozart aliyatungia vibadilisho 12 vya piano, yaani namna 12 tofauti za kuyapiga, kabla Jane hajaandika neno. Maneno na mahadhi vilikuja kukutana kwenye karatasi mwaka 1838, na Jane alikuwa amekwisha kufa tangu 1824. Hakuusikia wimbo wake.

Nimewasomea kina mama ubeti wa tatu, ule wa msafiri. Mtu anatembea usiku, hajui njia, anaishukuru nyota kwa kimwanga chake kidogo kwa sababu bila hiyo asingejua pa kwenda. Tangu hapo hakuna aliyetaka tuchape ubeti mmoja. Tunachapa wa kwanza na wa tatu.

Kwa sauti ndio rahisi kuliko zote. Kutoka noti ya chini kabisa hadi ya juu ni noti sita tu, na mtu mwenye sauti ya kawaida hazimsumbui akianzia chini. Tatizo lake lilijitokeza baada ya siku chache: watoto wanaokwenda chekechea wanaujua pamoja na ishara za mikono. Mama anaanza kuimba gizani, mtoto anakaa kitandani, anainua mikono juu na kufumbua vidole. Amechangamka. Dawa tuliyoipata ni kuanzia ubeti wa msafiri, ambao hauna ishara, na kuimba polepole karibu nusu ya mwendo wa shule.

Oktoba, mwishoni

Leo ni *Rock-a-bye Baby*, na leo tumegombana vizuri.

Kwa asiyeujua: mtoto yuko kwenye kitanda cha kubembea juu ya mti. Upepo ukivuma, kitanda kinabembea. Tawi likikatika, kitanda kinaanguka, mtoto na vyote vilivyomo. Wimbo umekwisha. Mama mmoja wa Lubumbashi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaya, hii wimbo iko muzuri, lakini juu ya nini mutoto anaanguka?" Yaani, dada, kwa nini mtoto anaanguka?

Sina jibu moja, na sidhani yupo mwenye nalo. Maneno yalichapishwa London karne ya 18, katika mkusanyo wa nyimbo za watoto unaoitwa *Mother Goose's Melody*, na mhariri aliyapa tanbihi ya utani: huu uwe onyo kwa wenye kiburi na tamaa wanaopanda juu sana, maana mwishowe huanguka. Mpanda ngazi hushuka, basi. Derbyshire, kaskazini yetu kidogo tu, wana hadithi yao: kwenye msitu wa Shining Cliff karibu na Ambergate palikuwa na mti mkubwa wa myuu, na familia ya wachoma makaa ilikaa humo na kulaza watoto wao kwenye tawi lililochongwa. Marekani nao wana yao, ya wahamiaji waliowaona wenyeji wa nchi wakitundika watoto matawini. Hadithi ni tamu, ushahidi hakuna.

Mahadhi ninayoyajua mimi ni ya Marekani. Yametungwa na Effie Canning, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa msichana wa miaka 15 akimwangalia mtoto wa watu aliyekuwa akilia. Yalichapishwa Boston miaka ya 1880. Jina la Canning ni la bibi yake. Alilitumia kwa kuhofia baba yake hatapendezwa kumwona bintiye ametunga nyimbo. Alifariki mwaka 1940, kwa hiyo kwa hakimiliki tuko salama.

Ugomvi sasa. Nusu ya kikundi wanasema wimbo usiingie. Maneno huumba, wanasema. Huwezi kumwinamia mtoto wako usiku ukamtajia kuanguka. Nusu nyingine, na mimi nimo, tunasema mtoto wa miezi sita hasikii tawi wala kuanguka, anasikia sauti ya mama inayokwenda na kurudi. Maneno ni ya mama. Mtu aliyezaa anajua hofu inayomshika usiku mtoto akinyamaza ghafla, unainuka kwenda kusikiliza kama anapumua. Wimbo unamruhusu kuitamka hofu ile kwa sauti ya upole, mtoto akiwa salama mkononi. Naona hii ndiyo siri ya nyimbo nyingi za Kiingereza za kulazia: mahadhi ya mtoto, maneno ya mzazi.

Bibi mmoja wa Mombasa, mkubwa wetu sote, akasema, "Nyinyi semeni. Mimi siimbi hiyo." Tumemheshimu. Tumekubaliana hivi: wimbo unaingia, na chini yake tunaweka mwisho wa pili ambao wazazi wengi wa Kiingereza wanauimba majumbani, kwamba kitanda kikianguka mama anadaka mtoto na vyote. Kila mtu achague.

Novemba

*Hush, Little Baby* ndio mshindi wangu mpaka sasa. Asili yake ni kusini mwa Marekani, mtunzi hajulikani. Cecil Sharp, Mwingereza aliyekuwa akikusanya nyimbo za watu wa kawaida, alikwenda na Maud Karpeles kwenye milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918, akitafuta nyimbo za kwao zilizovuka bahari na wahamiaji. Mwaka 1918 aliandika huko Virginia namna moja ya wimbo huu.

Unavyofanya kazi ndiko kuzuri. Mtoto nyamaza, baba atakununulia ndege anayeiga sauti za wenzake. Ndege asipoimba, baba atanunua pete ya almasi. Pete ikigeuka shaba, atanunua kioo. Kioo kikivunjika, beberu. Beberu asipovuta, mkokoteni na fahali. Mkokoteni ukipinduka, mbwa. Mbwa asipobweka, farasi na gari lake. Na farasi akianguka pamoja na gari, wewe bado ndiwe mtoto mtamu kuliko wote mjini.

Ukikumbuka kitu kimoja, kina chake cha mwisho kinakuletea kinachofuata. Ukisahau, unatunga. Hili ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Mama wa Dar kaingiza bajaji: bajaji isipofika mbali, baba atanunua gari, na kwa Kiingereza vina vinakubali kabisa. Mwingine akaongeza jiko la gesi, ikabidi tumzuie maana orodha ilikuwa imeanza kufanana na mahari. Kwenye gitaa wimbo mzima unahitaji mikao miwili tu ya vidole, na mahadhi hayatoki nje ya noti saba au nane.

Baba pekee aliyehudhuria siku ile alikuwa amekaa nyuma akimsubiri mkewe. Akasema, "Huyu baba ananunua tu, haimbi?" Tukamwambia aje aimbe yeye. Amekubali, na jina lake liko kwenye ratiba ya kurekodi.

Novemba, bado

Nimepita haraka kwenye nyimbo nne, nakuja kuamua moja moja.

Wimbo wa kulazia wa mtunzi Brahms ni wa Kijerumani, wa mwaka 1868. Aliutunga kumpongeza rafiki yake Bertha Faber aliyejifungua mtoto wa kiume. Maneno ya Kiingereza yamekuja baadaye. Masanduku mengi ya muziki ya watoto yanayouzwa dukani yanaupiga, kwa hiyo masikio yanaujua. Lakini katikati mahadhi yanaruka oktava nzima, noti nane, kwa mkupuo mmoja, na ndipo kila mtu wetu alipokwama. Tunaweka mahadhi bila maneno, ya kuvumisha tu mdomo ukiwa umefumbwa. Kuvumisha kunawezekana hata usiku wa manane.

*Golden Slumbers* una mtego. Maneno ni ya Thomas Dekker, yamo kwenye tamthilia aliyoandika na wenzake wawili, iliyochapishwa 1603. Vijana wanaujua kutoka kwa bendi ya Beatles, 1969. Paul McCartney wa bendi hiyo aliyaona maneno kwenye kitabu cha nyimbo juu ya piano nyumbani kwa baba yake, hakuweza kusoma noti, akatunga mahadhi yake mwenyewe. Basi maneno ni ya bure, mahadhi yale si ya bure. Tukiyachukua maneno tuyatie mahadhi yetu, na kaka mpiga gitaa anasema anayo moja kichwani. Tumesubiri.

*Skye Boat Song*, wa Uskoti. Unabembea kweli kama dau. Maneno ni ya Harold Boulton, 1884, kuhusu Mwanamfalme Charles alivyotoroshwa kwa mashua hadi kisiwa cha Skye baada ya kushindwa vita vya Culloden, 1746. Kiitikio kinafaa. Beti zina waliokufa vitani na nyumba zilizochomwa, na Kiingereza chake kigumu. Tunachukua kiitikio peke yake.

Wa nne ni ule wa Coventry, mji wa jirani. Huu hauingii, lakini sikuweza kuuacha bila kuwasimulia wenzangu. Ni wimbo wa kubembeleza kutoka tamthilia ya kidini iliyochezwa na chama cha mafundi wa kunyoa vitambaa vya sufu na washonaji wa mji huo. Maneno yaliandikwa na Robert Croo mwaka 1534, mahadhi yakaongezwa 1591. Wanaoimba ni akina mama wa Bethlehemu, watoto mikononi, wakijua askari wa Herode wako njiani kuja kuwaua. Hati yenyewe iliungua kwenye moto wa maktaba ya Birmingham mwaka 1879, na tunao wimbo kwa sababu tu kuna mtu alikuwa ameshaichapa kabla. Kisha Krismasi ya 1940, wiki chache baada ya mabomu ya Wajerumani kuteketeza kanisa kuu la Coventry, wimbo ukaimbwa ndani ya magofu na BBC ikaurusha. Ni mzuri mno, lakini si wa kumlazia mtoto wa Jumanne ya kawaida.

Desemba

Siku nzima kwenye *All the Pretty Little Horses*. Ni wa Marekani, nao hauna mtunzi anayejulikana. John na Alan Lomax, wakusanyaji wa nyimbo za watu wa kawaida, waliuchapa mwaka 1934. Unaahidi mtoto kwamba akiamka atapata farasi wazuri wote, weusi, wa kahawia, wa madoa. Mahadhi ni ya huzuni, yale ya kushuka. Halafu kuna ubeti mwingine: kule mbali mbugani kamelala kamwanakondoo maskini, nyuki na vipepeo wanakadonoa macho, nako kanamlilia mama yake.

Inasimuliwa kwamba wimbo huu uliimbwa na mwanamke mtumwa Mwafrika aliyekuwa akimlaza mtoto wa bwana wake. Nilikusudia kuwaeleza hayo baada ya kuwasomea maneno. Sikuwahi. Mama mmoja aliyefanya kazi ya yaya Nairobi miaka mingi kabla ya kuja huku aliniuliza, "Kwani huyo wa mbugani ni mtoto wa nani?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Ni wa yaya. Farasi ni za huyu aliyelala kitandani." Akatueleza alivyokuwa akimwimbia mtoto wa mwajiri nyimbo za kwao, wa kwake akiwa kijijini na bibi yake, akimwona Krismasi kwa Krismasi.

Ubishi juu ya maneno ya kutisha tulioanza nao Oktoba ulikwisha siku hiyo. Hata bibi wa Mombasa alisema huu uingie mzima, beti zote mbili. "Huu si wa kumtabiria mtoto mabaya," alisema, "huu ni wa mtu kusema lake." *Rock-a-bye* bado hataki kuusikia.

Januari

Kurekodi. Chumba kizuri cha kurekodia tulichonacho ni kabati la nguo la nyumbani kwangu. Makoti ya baridi yanameza mwangwi wote. Simu inakaa kwenye rafu, shubiri mbili kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isipige kipaza sauti. Mwimbaji anasimama amebanwa na makoti, mlango umerudishwa. Boila inazimwa kwanza, maana mngurumo wake unasikika, na mwenye nyumba, yaani mimi, navaa sweta.

Tumeamua hakuna ala. Kaka mpiga gitaa alisikitika, lakini mzazi gizani hana gitaa, na rekodi yenye gitaa humfanya aone sauti yake peke yake haitoshi. Gitaa linatumika kumpa mwimbaji noti ya kuanzia, basi. Na hatumwambii aanzie wapi. Kila mtu anaanzia anapoona raha, kisha tunashusha kidogo zaidi. Karibu wote wanaanza juu mno, wakidhani kuimba ni kupaza.

Tuliyoyatoa kwenye rekodi: pumzi nzito za kuigiza, mitetemo ya sauti ya taarabu (tunayo mabingwa), na kila aina ya kumaliza kwa madoido. Tulichokiacha: kikohozi kimoja cha mama wa Bukavu katikati ya *Hush, Little Baby*. Aliendelea bila kupoteza mstari. Ndivyo inavyokuwa nyumbani.

Baba wa "ananunua tu" amekuja na sauti nzito iliyotushangaza. Mkewe amesema nyumbani hajawahi kuisikia.

Februari

Maandishi yameleta swali ambalo wachapaji wa hapa hawangelifikiria. Kina mama kadhaa wanasoma Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza kwa macho kinawatatiza: kinaandikwa hivi, kinatamkwa vile. Wakaomba maneno yaandikwe kama yanavyosikika. Kwa hiyo kila wimbo una safu mbili. Kushoto Kiingereza chake, kulia namna hii:

*Hashi, lito beibi, donti sei a wedi,*
*Papaz gona bai yu a mokin-bedi.*

Mwalimu mmoja wa lugha aliyepita kututembelea alikunja uso, akasema tunawafundisha makosa. Mimi nasimama na kina mama. Sauti za kurekodi ndizo zitawasahihisha matamshi, safu ya kulia ni ya kushikia tu mpaka wimbo uingie kichwani. Na ukiingia, karatasi inabaki jikoni.

Swali jingine limekuja kutoka kwa baba mmoja, la haki kabisa: kwa nini tusiwaimbie Kiswahili tukamaliza? Mtoto atalala vilevile. Ni kweli, na utafiti unamuunga mkono. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wachanga wa Marekani, wakiwasikilizisha nyimbo za kulazia za jamii na lugha wasizozijua kabisa, na nyimbo nyingine zisizo za kulazia kutoka jamii hizohizo. Zile za kulazia ziliwatuliza zaidi, mapigo ya moyo yakashuka. Mtoto hachagui lugha.

Nilimjibu hivi: kijitabu hiki hakiji kuondoa cha nyumbani. Wengi wetu tunaimba Kiswahili kwanza na tutaendelea. Lakini mtoto huyu atakulia hapa, na siku moja atawasikia wenzake wakitaja hizi kama kitu cha kwao wote. Nataka azikumbuke kwa sauti ya mama yake, na lafudhi yake ya Tanga.

Machi

*Sweet and Low* umeingia dakika za mwisho, na umempita kila mmoja isipokuwa *Hush, Little Baby*. Maneno ni ya Tennyson, mshairi wa Kiingereza. Aliandika shairi refu la hadithi lililotoka 1847, na katika toleo la 1850 akaingiza nyimbo fupi katikati ya sehemu zake. Huu ni mmojawapo. Joseph Barnby aliutia mahadhi mwaka 1863 kwa ajili ya kwaya ya sauti nne. Mama anauomba upepo wa bahari ya magharibi uvume taratibu, umrudishe baba kutoka juu ya maji. Ubeti wa pili unamwambia mtoto alale, baba anakuja, anakuja kwake upesi, matanga ya fedha yanatokea magharibi chini ya mwezi.

Nilipomaliza kueleza, dada mmoja wa Mombasa akasema, "Huu ni wangu, msinipe mwingine." Mumewe ni baharia, miezi tisa melini, mitatu nyumbani. Na hakuwa peke yake. Wawili wana waume Muscat na Doha. Watu wa pwani wimbo huu hawahitaji kuelezwa: upepo unaoleta vyombo na upepo unaovipeleka tumeujua kabla ya Tennyson. Hapa Leicester bahari iko mbali upande wowote, lakini simu ya video inayokatika kila baada ya dakika inafanya kazi ileile ya kungojea.

Shida yake ni mahadhi. Barnby aliandikia kwaya, na sauti ya juu inapaa mwishoni mwa ubeti. Tulijaribu kushusha ufunguo, mwanzo ukazama mno. Dada mwenyewe ndiye aliyeutatua: pale panapopanda, yeye anarudia mstari uliotangulia, palepale chini, kwa kunong'ona. Barnby asingependa. Tumerekodi hivyohivyo, kabatini, kwa jaribio la kwanza.

Aprili

Kijitabu kimekwenda kwa mchapaji wa mtaani: kurasa 24, herufi kubwa, karatasi isiyong'aa ili mwanga hafifu usirudishe kiwi. Nyimbo saba zimeingia. *Golden Slumbers* umebaki nje, mahadhi ya kaka mpiga gitaa yakija yataingia toleo lijalo. Sauti tumeziweka kwenye kundi letu la WhatsApp, faili moja kwa kila wimbo, na moja ndefu inayorudia *Hush, Little Baby* pamoja na bajaji.

Maoni ya awali: saa zimesogezwa mbele, siku zinarefuka, na kina mama wameanza kuuliza tutafanyaje Juni, jua linapozama saa tatu na nusu usiku na mtoto anasema bado ni mchana. Hakuna wimbo unaoshinda hilo. Nimewatumia bei za mapazia mazito sokoni.

Na kina baba sasa ni watano, wanataka zao. Wamechagua *Dance to Your Daddy*, wimbo wa wavuvi wa Tyneside, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, unaomwahidi mtoto samaki mashua ikirudi. Mwendo wake ni wa kurusha mtoto gotini kuliko kumlaza, na maneno yana lahaja ambayo hata jirani yangu Mwingereza ameniomba nirudie. Wanasema watauimba polepole. Baba wa Lamu ameshauliza kama anaweza kubadili samaki awe changu. Nimemwambia akileta mstari unaokubali vina, Jumamosi tutaujaribu kabatini.